Kaye ya Moyo
Zaburi 42 na 43



Katika Zaburi hizi mbili, mwimbaji anauliza nafsi yake mara tatu kwa nini imeinama: 42:5, 42:11 na 43:5. Anataja machozi yake ya mchana na usiku. Hakuyaficha, na yameandikwa hata leo. Nasi hatumwiti mtu asiye na imani.

Kati yetu kuna wanaougua huzuni nzito, ile madaktari wanaita depresio. Wengine wao kila jioni wanaandika katika kaye: moyo ulikuwa namna gani, walilala masaa mangapi, kama walikula. Wanatuambia hivi: siku ya giza, moyo unasema nuru haijawahi kuwako. Kaye inajibu: Jumanne ulicheka. Wengine wametambua kwamba siku mbaya inafuata usiku bila usingizi. Lakini kwa wengine, kujipima kila siku kunaongeza mzigo. Hao waandike mara moja kwa juma, ao waache. Kaye si sheria.

Giza likidumu majuma mawili mfululizo, peleka kaye ile kwenye kituo cha afya. Na ukiona umeandika kwamba unatamani kufa, usingoje kesho: amsha mtu usiku uleule. Eliya naye aliomba afe. Mungu hakumkemea, alimwacha alale, akamtumia malaika na mkate na maji (1 Wafalme 19). Dawa na maombi havigombani.

Wapendwa, ndugu akitufungulia kaye yake, tusimhukumu. Tukae karibu naye, tumpikie, tumsindikize kwa daktari. Na tuombe.