Meza ya Thogoto

Ukitoka katikati ya Nairobi kwa barabara ya Waiyaki, ukapita Kangemi na Uthiru, utafika Kikuyu. Hapo karibu ndipo Thogoto, mji mdogo tu. Jina lake ndivyo wenyeji walivyotamka “Scot”, kwa ajili ya wamisionari wa Scotland.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana huko, na mwisho Waanglikana, Wamethodisti na Wapresbiteri wakashiriki Meza moja ya Bwana. Lo! Askofu Frank Weston wa Zanzibar aliwashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Shauri likafika kwa Askofu Mkuu wa Canterbury.

Na kwetu je? Mgeni wa kanisa lingine akiketi kati yetu siku ya Ushirika, tutampa mkate, au sahani itamruka?