Nyimbo za Watu na Uaminifu wa Wakubwa

Nimepewa robo saa ya jioni hii nizungumze nanyi habari za nyimbo zinazopendwa na watu wengi, nami nimeona nizitazame kwa upande mmoja tu, yaani namna zinavyokutana na uaminifu wa wale tuliowakabidhi kazi zetu: makarani, mahakimu, watunza fedha, madiwani na wakubwa wa serikali. Nitakayoyasema ni maoni yangu mwenyewe. Asiyekubaliana nami ana haki yake, na kama akitaka kuyabishia kesho barazani, kahawa na iwe tayari.

Wapo watu wa heshima wafikirio kwamba wimbo wa dansi au wa taarabu haustahili kutajwa pamoja na mambo mazito kama hayo. Kwao hukumu iko mahakamani, hesabu iko vitabuni, na wimbo uko arusini. Lakini fikirini wenyewe. Tangazo la mkubwa hubandikwa ukutani, likasomwa na wachache, mvua ikanyesha, likabanduka. Wimbo hauhitaji ukuta. Mwanamke huuimba akitwanga, mvuvi huuimba akishona nyavu, na mtoto ambaye hajajua kuandika jina lake hulijua kosa la mkubwa wa mji wake, kwa sababu limo katika wimbo. Ndiyo maana tangu zamani wakubwa huzisikiliza nyimbo kwa makini zaidi kuliko wanavyokiri.

Sina mfano mzuri kuliko ule wa Unguja. Seyyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hata 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim kwenda Misri kujifunza muziki, na aliporudi muziki huo ukapigwa katika jumba la mfalme kwa lugha ya Kiarabu. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, nacho kikaushika mtindo huo. Muziki ulikuwa mzuri, sibishi. Ila watu wengi wa mjini hawakuelewa maneno yake. Hapo ndipo alipotokea Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, wazazi wake watu waliotoka katika utumwa, na jina lake la kwanza likawa Mtumwa. Alifinyanga vyungu akavitembeza kuviuza. Mwaka 1911 akahamia mjini, akafundishwa kuimba, akajiunga na mafundi wa udi na fidla, akaimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri mpaka Bombay kutia nyimbo zao katika sahani za santuri, na sahani hizo zikarudi zikauzwa pwani na bara. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Sasa sikilizeni habari ya wimbo wake mmoja, uitwao Kijiti. Wimbo huo wasimulia kwamba mwanamke mgeni, naye ni mja mzito, alifika Unguja kutoka Dar es Salaam, akatolewa kwenda ngomani, na mtu aitwaye Kijiti akamwua huko. Kisha Kijiti akavuka bahari akakimbilia bara. Waliobaki kusimama mbele ya hakimu ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu, na adhabu ikawaangukia wao. Siti hakuwa wakili, wala hakuwa na cheo cha kumwandikia mtu barua ya malalamiko. Aliimba tu: fulani kaua, kaenda zake, na waliojua habari ndio waliofungwa. Mimi husema kwamba kila aliyenunua sahani ile alijinunulia nakala ya kesi. Majalada ya mahakama ya miaka ile yamo kabatini, na ni wangapi kati yetu waliowahi kuyafungua? Lakini wimbo umeendelea kuishi. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliuimba katika uzee wake mbele ya watu ambao babu zao hawakuwa wamezaliwa mambo hayo yalipotokea.

Katika nyimbo za Siti umo pia mmoja uliotungwa kwa habari ya karani aliyeitumia kalamu yake kuwaibia wanawake wasiojua kusoma, hata sheria ikamshika. Huu naupenda kuliko ule wa Kijiti, ingawa wengi hawatakubali, maana ule una damu na masikitiko na huu una karatasi tu. Naupenda kwa sababu wizi wa kalamu ni mgumu kuuimba. Mwizi wa kuku huvunja banda, na asubuhi manyoya hutoa ushahidi. Mwizi wa kalamu hukukaribisha kitini, hukuuliza hali ya watoto, hukuonyesha mahali pa kutia dole gumba, nawe watoka ukimshukuru. Mwaka unapita, siku moja waambiwa kwamba shamba si lako. Mtu aliyetendewa hivyo huona haya kusimulia, kwa kuwa katika kusimulia hujionyesha kuwa ni mjinga. Wimbo ule uliwaondolea haya. Ulifanya anayecheka awe yule mama, na anayechekwa awe karani. Kazi hiyo hakuna hakimu aliyeweza kuifanya, hata hakimu mwaminifu.

Je, nasema kwamba kila wimbo wa namna hii ni wa kweli? La, hasha. Katika kijiji kimoja, ambacho sitakitaja, palikuwa na mtunza ghala wa chama cha ushirika. Msimu mmoja magunia yakapungua katika hesabu, na kabla mkaguzi hajafika, vijana wa ngoma wakatunga wimbo. Hawakulitaja jina lake. Walimwimba panya mwenye funguo. Kijiji kizima kilijua ni nani. Mkaguzi alipokuja akapima, akaona upungufu umetoka katika mizani mbovu, akaandika barua ya kumtoa hatiani, na barua ikasomwa mkutanoni mara moja. Wimbo wa panya uliimbwa misimu mitatu. Binti yake aliimbiwa shuleni na wenzake. Mwisho yule bwana alihama, na waliobaki wakasema, waona, angekuwa msafi asingehama!

Hapa msikilizaji aweza kuniambia kwamba nimejipinga mwenyewe, maana sifa niliyoupa wimbo, ya kudumu kuliko karatasi, ndiyo iliyomwangamiza mtu huyu. Ni kweli, wala sioni njia ya kuikwepa. Chombo kile kile chakata nyama na kidole. Ila kuna tofauti ninayotaka tuishike. Wimbo wa Kijiti uliimba jambo lililokwisha tendeka mbele za watu: kifo kilijulikana, kukimbia kulijulikana, hukumu ilijulikana. Wimbo wa panya uliimba shaka. Na tena ulijificha nyuma ya fumbo. Nayajua vizuri mapenzi yetu ya fumbo. Ni pambo la lugha yetu, na mara nyingi limekuwa ngao ya mnyonge asiyeweza kulitaja jina la mwenye nguvu. Lakini fumbo halimpi aliyeimbwa nafasi ya kujibu. Akijibu, huambiwa: nani kakutaja wewe? Kwa maoni yangu mtunzi anayemfumba mkubwa mwenye askari na jela anatumia ngao yake kwa haki. Anayemfumba jirani mwenye gunia moja la mahindi anajificha tu.

Upande wa pili wa sarafu ni nyimbo za sifa, nao wanitia wasiwasi zaidi. Wahenga walisema kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi tumezidi hapo, tumemlipa mtu amsifu mgema. Katika Tanzania, baada ya uhuru, bendi nyingi zilikuwa chini ya vyama na mashirika: NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na jeshi, polisi na mashirika ya umma yakawa na bendi zao. Mpango huo ulikuwa na faida, tusiukejeli. Gitaa la umeme na vipaza sauti vilikuwa ghali mno kwa mtu mmoja, na mwanamuziki alipata mshahara wa mwezi kama mfanyakazi mwingine yeyote, kitu ambacho wengi wao leo hawakipati. Muziki waliotuachia ni hazina. Hata hivyo, aliye mezani kwa mwenyeji ni vigumu kusema chumvi imezidi. Bendi hizo ziliwaonya wavivu, walevi, wanawake wapenda anasa na vijana wakimbilia mjini, na mara nyingi zilionya vizuri. Msikilizaji na ajiulize kama alisikia mara nyingi hivyo zikimwonya meneja wa shirika lenyewe.

Siku hizi mishahara hiyo imekwisha kwa wengi, na mahali pake pamekuja kampeni za uchaguzi. Mwimbaji hupanda jukwaani, huimba ule wimbo wake unaopendwa, ila jina la mpenzi limetolewa na jina la mgombea limetiwa. Sina ugomvi na mtu kuwa na chama chake. Mwimbaji ni raia, ana kura. Ninalouliza ni dogo: watu wameambiwa kwamba amelipwa? Mwenye duka akiweka bango, twajua kwamba ni bango. Mwimbaji akitoa machozi kwa ajili ya mgombea, twadhani ni machozi.

Nchini Kenya, mwaka 2001, Eric Wainaina alitoa wimbo uitwao Nchi ya Kitu Kidogo. Nautaja kwa sababu ya lile jina. Angalieni jinsi tulivyoipamba rushwa kwa majina ya huruma. Twaiita chai, twaiita kitu kidogo, na wazee wetu waliiita mlungula. Katika Kongo ya Lingala huiita maharage ya watoto. Kila jina limechaguliwa ili anayeomba asione kwamba anaomba haramu, na anayetoa aone kwamba anafanya ukarimu. Nani mwenye roho ngumu ya kumnyima mtu chai? Wainaina alilichukua jina hilo dogo akaliweka karibu na neno nchi, na hapo udogo wake ukaonekana ulivyo. Hakumtaja karani wala askari mmoja. Hiyo ni njia tofauti na ya Siti, na kwa ubaya uliokwisha kuwa desturi ya wengi naiona ni njia bora, kwa maana hakuna mtu mmoja wa kuhamishwa kijiji ili wengine wajione wamesafika.

Nije karibu zaidi. Mwezi wa Machi mwaka 2017 mwimbaji Nay wa Mitego alikamatwa Morogoro kwa ajili ya wimbo wake Wapo, na Baraza la Sanaa likaupiga marufuku. Haukupita muda, waziri akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo huo, kwamba mwimbaji aachiliwe na wimbo upigwe, tena akashauriwa autie nguvu kwa kuwataja na wengine, kama wakwepa kodi na wauzaji wa dawa za kulevya. Watu wengi walifurahi, nami nafurahi kila mtu anapotoka mahabusu bila hatia. Lakini furaha yangu ina kasoro. Askari alimkamata kwa sababu alidhani wimbo umemchukiza mkubwa, na akamwachilia kwa sababu alisikia umempendeza. Katika safari zote mbili, kwenda na kurudi, hakuna aliyesimama kuuliza kama yaliyoimbwa yalikuwa kweli au uwongo, wala sheria ilisema nini. Na mwimbaji anayepewa orodha ya watu wa kuwasema, hata orodha ikiwa ya watu wabaya kabisa, amesogezwa hatua moja karibu na wale wa bendi ya mshahara.

Kabla sijamaliza, yanipasa kugusa nyumba ya wanamuziki wenyewe, kwa ufupi, maana humo namo mna vumbi. Mtu anayeimba juu ya wizi wa wakubwa na huku ameuchukua wimbo wa mwenziwe akauita wake, tumwiteje? Wimbo wa Malaika umezunguka dunia. Fadhili William aliuimba katika sahani, Miriam Makeba akauimba, na Boney M. wakauimba. Hata leo watu hubishana ni nani aliyeutunga, kwa kuwa waliokuwapo hawakuandika mapema. Vivyo hivyo mtangazaji anayepokea fedha kwa siri ili aupige wimbo mmoja mara kumi kwa siku na mwingine asiupige kabisa, amekula chai ile ile ya askari wa njiani. Tofauti ni kikombe.

Nina ombi kwa walimu na wanafunzi wanaonisikiliza. Katika kila kijiji kuna mzee anayekumbuka wimbo uliomwimba mkubwa wa zamani: akida, jumbe, karani wa kodi, mwenyekiti wa ushirika. Mwendeeni na daftari la shule. Andikeni maneno kama anavyoyasema, bila kuyasahihisha. Andikeni jina la mtungaji, mwaka kama waweza kupatikana, ngoma iliyochezwa nao, na jambo lililotokea. Ulizeni kama jambo hilo liliwahi kuthibitishwa, na ni nani aliyelithibitisha. Kisha, kama jamaa wa yule aliyeimbwa bado wapo, piteni nyumbani kwao pia, mkae, msikilize, na maneno yao myaandike katika daftari lilo hilo, ukurasa wa pili. Kwaherini.