Mhudumu wa Mgonjwa Nyumbani: Kazi Yake na Haki Zake

Hotuba kwa familia zinazouguza, wahamasishaji wa afya ya jamii na wazee wa mitaa



Mgonjwa wa kiharusi hukaa hospitalini siku kadhaa au wiki kadhaa. Nyumbani anaweza kukaa miaka. Daktari akishamruhusu kuondoka, kazi kubwa humwangukia mtu ambaye jina lake halimo katika faili yoyote: binti aliyeacha kibarua, mke ambaye naye ana presha, au dada wa kazi aliyeajiriwa kufua na kupika. Hotuba hii inamhusu mtu huyo.

Kwanza majina yatenganishwe, kwa kuwa wakazi wengi huyachanganya. Mhamasishaji wa afya ya jamii ni yule anayezunguka mtaani na mkoba wa vifaa na simu. Tarehe 25 Septemba 2023, Rais William Ruto aliwazindua wahamasishaji wapatao 100,000 kutoka kaunti zote 47, na Sheria ya Huduma za Afya ya Msingi ya mwaka huo huo ikawapa nafasi rasmi. Kila mmoja hupangiwa nyumba 100 hivi. Hupima presha na sukari, huandikisha wagonjwa na kuwaelekeza kituoni. Lakini mwenye nyumba 100 hawezi kumgeuza mgonjwa mmoja kitandani mchana na usiku. Hiyo ni kazi ya mhudumu wa nyumbani, awe jamaa au mwajiriwa.

Na kugeuza si jambo dogo. Mtu asiyeweza kujigeuza hubanwa ngozi kati ya mfupa na godoro. Damu haipiti, nyama inakufa. Ndiyo maana ageuzwe takriban kila baada ya saa mbili. Kidonda huanzia pale mfupa ulipo karibu na ngozi: chini ya mgongo, kwenye nyonga, visiginoni, hata kisogoni. Mafunzo mengi husema mhudumu atafute wekundu. Kwa ngozi nyeusi ushauri huo hautoshi. Atafute mahali palipozidi weusi kuliko pembeni, aguse asikie kama pana joto au ugumu, amuulize mgonjwa kama panauma. Akipaona, amlaze upande mwingine, wala asipasugue, maana kusugua huzidi kuumiza nyama iliyokwisha kuumia. Shuka libaki kavu na bila mikunjo. Kidonda kilichoachwa kikafika mfupani huua, hata kama kiharusi chenyewe hakikuua.

Kulisha nako kuna ujuzi wake. Kiharusi huweza kudhoofisha koo, chakula kikapita njia ya mapafu na kuleta nimonia. Mgonjwa aketishwe wima, apewe kijiko kidogo kidogo, amalize kumeza kabla ya kijiko kingine, na akae wima nusu saa baada ya kula. Familia hushangaa kusikia kwamba chai na maji vinaweza kumpalia kuliko uji mzito, lakini ndivyo ilivyo kwa wengi. Anayekohoa kila anapokunywa, au ambaye sauti yake huwa na majimaji baada ya kula, asilazimishwe; mhudumu wa afya kituoni aarifiwe.

Mkono uliopooza usivutwe kamwe wakati wa kumwinua, kwani bega hutoka mahali pake kwa urahisi na maumivu yake ni ya muda mrefu. Mwenye mpira wa mkojo, mfuko wake ukae chini ya usawa wa kibofu, usiwekwe kitandani kando yake. Mwenye kisukari anayedungwa insulini akikosa mlo, kisha akatoka jasho, akatetemeka au akasema maneno yasiyoeleweka, apewe kitu chenye sukari ikiwa bado yuko macho na anaweza kumeza. Akiwa hana fahamu, asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitalini.

Kuna mambo ambayo si ya mhudumu. Habadilishi kipimo cha dawa, haachishi vidonge vya presha kwa sababu mzee anaonekana kupata nafuu, wala hakati kidonda. Anachoweza kufanya, na ambacho daktari hawezi, ni kumwona mgonjwa kila siku. Daftari la shilingi chache linalosema alikula nini, alikunywa kiasi gani, alipata choo lini na ngozi yake ilikuwaje, humsaidia mhamasishaji anapofika, na humsaidia muuguzi kuliko jibu la "yuko hivyo hivyo tu".

Suala la aibu halisemwi sana barazani, nalo linawatesa wengi. Katika jamii nyingi za Kenya mkaza mwana hawezi kumwogesha baba mkwe wake, na mwana wa kiume hawezi kumwona mama yake akiwa uchi. Matokeo yake mzee hukaa siku tatu hajaoshwa ndani ya nyumba iliyojaa watu wanaompenda. Hapo mhudumu kutoka nje ya ukoo ana thamani isiyopimika: anaosha, anamsitiri kwa shuka, anaosha sehemu moja huku nyingine zikiwa zimefunikwa, na heshima ya kila mmoja inabaki.

Lakini anayefanya hayo analipwaje? Dada wa kazi aliyeajiriwa kupika, akaongezewa mgonjwa kitandani bila hata shilingi moja ya ziada, amedhulumiwa, hata akinyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamhusu yeye pia: mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, apumzike angalau siku moja katika kila siku saba, na baada ya mwaka mmoja apate likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa malipo. Glavu na sabuni ni juu ya mwajiri. Inashangaza kwamba kijana akienda Uingereza au Marekani kuuguza wazee, kijiji huchanga nauli na kumwombea. Akiifanya kazi ile ile hapa nyumbani, huulizwa ataanza kazi lini.

Jamaa anayeuguza bila malipo naye huchoka, mgongo humuuma na usingizi humpotea. Ndugu waliopo mjini hutuma pesa za dawa, jambo jema, ila mara nyingi anachohitaji ni mtu wa kushika zamu Jumamosi.

Kabla mgonjwa hajatolewa wodini, atakayemuuguza aitwe kando ya kitanda. Muuguzi amwonyeshe jinsi ya kumgeuza, naye arudie kwa mikono yake mwenyewe akitazamwa. Aulize dawa ipi ni ya saa ngapi, kliniki ni lini, na dalili gani zikitokea usiku zisingojee asubuhi. Familia isiyomjua mhamasishaji wake iulize katika zahanati iliyo karibu au kwa mzee wa mtaa, na imwarifu siku ile ile mgonjwa anapofika nyumbani.