Fimbo Iliyotoka Darajani

Asubuhi hii tuitafakari fimbo ya mzee.

Katika mji wa London, Uingereza, palikuwa na daraja la mawe juu ya mto Thames. Aliyeanza kulijenga mwaka 1176 alikuwa kasisi, Peter wa Colechurch. Alifariki mwaka 1205, kazi ikiwa haijakwisha, akazikwa katika kanisa dogo lililokuwa juu ya daraja lenyewe. Daraja likakamilika mwaka 1209, likatumika zaidi ya miaka 600. Watu waliona mawe, nyumba na maduka. Nguzo za miti zilizopigiliwa matopeni, zikabeba uzito wote, hazikuonekana.

Daraja jipya lilifunguliwa mwaka 1831, na lile la kale likabomolewa. Ndipo nguzo zile zikatolewa majini. Mafundi hawakuzitupa. Walichonga fimbo na visanduku, vikawa zawadi na ukumbusho.

Ndugu zetu, habari hii inatuhukumu. Katika kanisa moja tulilolitumikia, tulibomoa jengo la mbao ili tujenge la mawe. Wazee walikuwa wamezibeba mbao zile mabegani kutoka msituni. Sisi tukaruhusu zichemshie chai siku ya harambee. Mzee mmoja, aliyekuwa miongoni mwa wapasuaji wa mbao zile, akavuta kipande cha boriti pembeni mwa moto, akakipangusa majivu, akaenda zake bila kusema neno. Baadaye tulimwona akiingia ibadani, amekiegemea. Tulitahayari.

Mzee yule hakuwa akililia mti. Alitaka kujua kama kazi ya ujana wake ilikuwa kuni tu.

Waebrania sura ya 11 yatukumbusha Yakobo, mzee karibu na kufa, akiegemea fimbo yake na kumwabudu Mungu, huku akiwabariki wajukuu. Mzee bado ana baraka ya kutoa. Je, yuko wa kuipokea?

Mara nyingi twangoja mtu afe, ndipo tusimame kaburini na kumsifu. Juma hili, tumwendee mmoja wa wale waliotujengea kanisa. Tuketi naye, tumwulize habari za siku zile, tumshukuru angali anasikia.

Na tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwasahau waliotubeba. Utufanye tayari kubeba wengine, hata pasipo kuonekana. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.