Wanawake Kumi na Mmoja Chini ya Kanisa

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya ushirika wetu, siku vikundi vilipojadili matumizi ya stoo ya kanisa. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa.)

 

Nimepewa nusu saa. Najua wengine wenu mmeanika mahindi nyumbani na wingu lile linakusanyika, kwa hivyo sitazunguka sana. Jambo la leo mnalijua. Kikundi cha nafaka kinaomba stoo ya kanisa, ile ambayo darasa la ngumbaru hukutana Jumanne na Alhamisi. Wanasema darasa limebaki na akina mama tisa, na stoo nzima kwa watu tisa ni hasara. Mimi sikatai kwamba mahindi yanaharibika. Msimu uliopita tulipoteza magunia kwa unyevu na wadudu, na langu moja lilikuwamo. Lakini kabla hatujainua mikono kupiga kura, wacha niwaeleze habari ya shule moja iliyoanza na wanawake kumi na mmoja, tena mahali pabaya kuliko stoo yetu.

Shule yenyewe iko katika mji wa Atlanta, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Siku hizi inaitwa Spelman College. Ni chuo cha wanawake, na kilianzishwa kwa ajili ya wanawake Weusi, wajukuu wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka bara letu hili. Kina wanafunzi zaidi ya 2,000. Hakifundishi kazi moja ya mikono tu. Kinatoa elimu pana, yaani mwanafunzi husoma lugha, historia, hesabu, sayansi, muziki na mambo ya dini, ndipo achague njia yake. Mwezi wa Januari 2024 chuo hiki kilipewa zawadi ya dola milioni 100. Ukisikia hivyo utasema, ah, hao ni matajiri, wanatuhusu nini? Ngojeni kwanza.

Lazima tuanze na utumwa. Katika Georgia, sheria ya mwaka 1829 ilikataza kumfundisha mtu Mweusi kusoma na kuandika, awe mtumwa au awe huru. Aliyefundisha aliadhibiwa. Kwa nini? Kwa sababu mtu anayesoma atasoma gazeti, atasoma mkataba, atajiandikia hata cheti cha ruhusa ya kusafiri na kutoroka nacho. Wenye watumwa waliogopa kalamu. Utumwa ukaisha mwaka 1865 baada ya vita. Watu wakawa huru, lakini wengi hawakujua herufi hata moja, na walio wengi hawakupewa shamba wala fidia. Mama aliyeachwa huru akiwa na miaka ishirini au thelathini, nani angemfundisha?

Mwaka 1881 wakaja Atlanta walimu wawili wazungu kutoka Massachusetts, huko kaskazini. Mmoja aliitwa Sophia Packard na mwenzake Harriet Giles. Packard alikuwa na miaka 57. Kwetu umri huo watu wanakuambia ukae nyumbani na wajukuu. Walikwenda kwa mchungaji Mweusi aliyeitwa Frank Quarles, wa kanisa la Friendship Baptist. Husimuliwa kwamba walimkuta akiomba, tena ombi lake lilikuwa hilo hilo, kwamba Mungu amletee mtu wa kuwafundisha wanawake na wasichana wa kanisa lake. Hakuwa na shule ya kuwapa. Alichokuwa nacho ni chumba kilicho chini ya kanisa, ndani ya ardhi, chenye giza na unyevu. Akawapa hicho.

Tarehe 11 Aprili 1881 masomo yakaanza. Pesa walizokuja nazo zilikuwa dola 100, mchango wa kanisa moja la kwao, mjini Medford. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja, wengi wao waliozaliwa utumwani, na walichotaka hasa ni kuweza kujisomea Biblia na kuandika. Baada ya miezi mitatu wakawa 80. Kabla ya mwaka kuisha darasa lilikuwa na watu wapata 200, mdogo akiwa na miaka 15 na mkubwa 52. Mama wa miaka 52, jamani, ameketi na msichana ambaye angeweza kuwa mjukuu wake, wote wanasoma a, e, i, o, u. Nafasi ilipokosekana, darasa moja lilifanyiwa pale palipowekwa makaa ya mawe ya kupasha kanisa joto. Nguo zilichafuka, nadhani, lakini masomo hayakusimama.

Na msifikiri hao wanawake walikuwa na nafasi kuliko nyinyi. Wanawake wengi Weusi wa Atlanta walikuwa wakifua nguo za wazungu. Walibeba maji, wakawasha moto, wakafua, wakapiga pasi, juma zima, kwa malipo madogo sana. Mwaka huo huo wa 1881, mwezi wa Julai, wafuaji wapata ishirini walikutana kanisani wakaunda chama, wakagoma. Walidai dola moja kwa ratili kumi na mbili za nguo. Wakapita nyumba kwa nyumba wakiandikisha wenzao, na kwa majuma matatu wakawa 3,000. Baraza la mji likatishia kuwatoza leseni ya dola 25. Wao wakajibu kwamba leseni watailipa, mradi kazi yote ya kufua iwe mikononi mwao na bei wapange wao. Siwezi kuwaambia kama kulikuwa na mwanafunzi wa Packard kati yao. Ninachosema ni kwamba mji ulikuwa mmoja, mwaka mmoja, na maisha ni hayo hayo. Hakuna aliyesubiri kazi iishe ndipo ajifunze.

Sasa nije kwa pesa, maana najua mweka hazina wa nafaka ananitazama.

Mchungaji Quarles alisafiri kwenda kaskazini kuomba msaada wa shule. Akaugua huko, akafa, kabla mwaka wa 1881 haujaisha. Hakuona jengo hata moja. Mwaka 1882 wale walimu wawili wakazungumza katika kanisa moja la Ohio, na katika waliosikiliza alikuwamo John D. Rockefeller, tajiri wa mafuta. Akaahidi dola 250. Mwaka 1883 shule ikahama kutoka chini ya kanisa, ikaenda kwenye ekari tisa zenye nyumba tano za mbao, ambazo askari walikuwa wamezitumia baada ya vita. Lakini shamba hilo lilikuwa na deni.

Hapa ndipo jambo lilipokuwa gumu. Chama cha misheni kilichosimamia mambo hayo kilikuwa pia na shule ya wanaume mjini, na kukawa na wazo la kuziunganisha zote mbili mahali pamoja ili kupunguza gharama. Mnaona? Hasara, gharama, nafasi. Maneno ni yale yale ya leo. Packard na Giles wakakataa. Waliona kwamba wakiunganishwa, wanawake watakuwa nyuma, watapewa kinachobaki. Wakaambiwa basi, lipeni deni. Watu Weusi wa Atlanta, wale wafuaji na mafundi na wapishi, wakachanga kupitia makanisa yao. Walimu wakatoa katika mishahara yao. Marafiki wa kaskazini wakatoa. Mwaka 1884, shule ilipotimiza miaka mitatu, Rockefeller akaja na jamaa yake kuitembelea, na deni lililobaki akalimaliza. Shule ikapewa jina la Spelman, ambalo ni jina la ukoo wa mkewe Laura, kwa kuwa wazazi wake walipigania kukomeshwa kwa utumwa.

Hapa mimi hukwazika kidogo, niseme ukweli. Aliyemaliza deni ndiye jina la ukoo wa mke wake likaandikwa. Wale waliotoa senti kumi kumi hawajaandikwa popote, na Quarles aliyefia njiani shule haikuitwa kwa jina lake. Si kwamba tajiri alifanya vibaya. Lakini sisi wenye harambee tunajua mambo haya: mgeni wa heshima anatoa mwisho na anapigiwa makofi, na mama aliyeleta kuku hakuna anayemkumbuka.

Tena angalieni nani alishika uongozi. Walimu wakuu wa kwanza walikuwa wazungu, mmoja baada ya mwingine, hadi mwaka 1953 alipochaguliwa mtu Mweusi, Albert Manley, naye alikuwa mwanamume. Mwaka 1976 alipostaafu, wanafunzi walitaka mwanamke Mweusi. Wadhamini wakachagua mwanamume tena. Wasichana wakawafungia wadhamini ndani ya chumba cha mkutano hata usiku ukapita. Mimi sisemi mfanye hivyo leo! (Kicheko.) Hawakufaulu siku ile. Ilikuwa mwaka 1987, miaka 106 tangu darasa la kwanza, ndipo mwanamke Mweusi, Johnnetta Cole, akawa mkuu wa chuo cha wanawake Weusi. Kwa hivyo mnapounda kamati ya darasa, ulizeni mapema funguo ziko kwa nani.

Wamefanya nini hao waliosoma? Wengi mngeweza kuwasikia redioni. Mwaka 1960 wanafunzi wa vyuo vya Weusi vya Atlanta waliandika tangazo la kudai haki zao katika magazeti ya mji, na aliyeliandika hasa ni msichana wa Spelman, Roslyn Pope. Mimi lakini nampenda zaidi mmoja ambaye si maarufu sana, Selena Sloan Butler. Alimaliza masomo pale mwaka 1888. Akaolewa na daktari, akapata mtoto wa kiume, na mtoto alipofika umri wa chekechea, mtaani kwao hapakuwa na chekechea ya watoto Weusi. Basi akafungua moja sebuleni mwake. Mtoto alipoingia shule ya Yonge Street, mama huyu akaita wazazi na walimu wakae pamoja, mwaka 1911. Ikawa ndiyo kamati ya kwanza ya wazazi na walimu Weusi nchini humo. Mwaka 1926 akaanzisha chama cha namna hiyo cha taifa zima. Nyinyi mlio katika kamati za shule, mama huyu ni mwenzenu.

Na wengine walikuja huku kwetu Afrika. Clara Howard, wa darasa la kwanza kuhitimu, mwaka 1887, na Nora Gordon wa mwaka 1888, wote wawili walikwenda Kongo kufundisha. Emma DeLany alifika Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, mwaka 1902, akafundisha Chiradzulu kwenye misheni ya John Chilembwe. Mvulana mmoja aliyekuwa mwanafunzi wake, Daniel Malekebu, alimfuata mwalimu wake hadi Marekani, akasoma, akawa daktari. Alimwoa Flora Zeto, binti wa Kongo aliyesomea Spelman. Baada ya maasi ya Chilembwe ya 1915 serikali ya kikoloni ilikuwa imebomoa kanisa la misheni ile. Mwaka 1926 Malekebu na Flora wakarudi wakaifungua tena. Kwa hivyo masomo yaliyoanzia kwenye makaa ya mawe Atlanta yalivuka bahari, yakafika kwa akina mama wa Chiradzulu.

Sasa turudi stoo. Nimesikia watu wakisema akina mama hawaji darasani kwa sababu hawapendi kusoma. Nilikwenda nikawauliza watatu walioacha. Mmoja alisema saa tisa ndiyo saa ya kuteka maji. Mwingine alisema vijana wanaopita hupiga kelele dirishani, "Nyanya, leo umepata ngapi?" akaona haya. Wa tatu alikuwa na mtoto mgonjwa, na alipotaka kurudi akaona wenzake wamefika mbali. Hakuna aliyesema hapendi. Na niwakumbushe kwamba katika vikundi sita vilivyo hapa, vitatu karani wake ni mwanamume aliyeazimwa kutoka kikundi kingine, kwa sababu wanachama hawawezi kuandika kitabu cha pesa. Mama anatoa akiba yake kila juma na hawezi kusoma kama imeandikwa. Yaliyotokea katika kikundi kimoja mwaka juzi mnayajua, sitayarudia mbele ya mchungaji.

Ombi langu ni hili. Nimeipima stoo kwa hatua. Mahindi yakipangwa juu ya mbao upande wa ukuta wa nyuma, magunia mawili kwenda juu, inabaki nafasi ya benchi nne mbele, karibu na mlango kwenye mwanga. Wasome pembeni mwa magunia. Saa ibadilishwe iwe saa nne asubuhi, baada ya maji. Dirisha liwekewe pazia. Kila kikundi kitoe pesa ya chaki na vitabu vya mazoezi, kiasi tutakachokubaliana leo, na funguo ya pili akae nayo mmoja wa wale akina mama tisa.

Fundi yuko hapa, na amesema mbao anazo. Mwenyekiti, nimemaliza kabla ya mvua. Waulize kikundi cha nafaka kama upande mmoja wa stoo utawatosha.