Mzazi Naye Hajambo?

Hapa Tabora mwanamke akijifungua salama tunampa hongera: umetua mzigo. Kauli hiyo inatukaa vizuri kinywani, maana mji wetu ni wa wapagazi, na pembe za ndovu za kwenda Bagamoyo zilipita mabegani mwa babu zetu. Ila mpagazi akishatua alilala. Mzazi wa mtaani kwetu Isevya akishatua, ndiyo kwanza usingizi unakatika.

Sifa kwanza, zinastahili. Utafiti wa taifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16. Mjamzito anayeanza kliniki mapema, kabla ya wiki 12, anatarajiwa kuhudhuria mara nane. Presha inapimwa, mkojo unaangaliwa kabla kifafa cha mimba hakijapiga hodi, dawa ya SP ya kukinga malaria anaimeza palepale nesi akimtazama. Mara nane anaulizwa: kichwa kinauma? Miguu inavimba? Mtoto anacheza?

Halafu anajifungua, na maswali yote yanahamia kwa mtoto.

Majuzi nilimsindikiza wifi yangu siku ya mizani. Kituo sikitaji. Mtoto wa wiki sita alivuliwa, akatiwa kwenye mfuko wa mzani, akaning'inia huku analia. Nesi akachora nukta kwenye kadi. "Anakua vizuri, mama." Matone mdomoni, sindano pajani, anayefuata. Simlaumu, benchi lilijaa na yeye alikuwa peke yake. Lakini wifi alikuwa kavaa blauzi ndani nje, na hakuna aliyeona. Mimi mwenyewe niliona njiani, alipojiegemeza kwenye mwembe.

"Namsikia akilia, wifi," akaniambia, "ila moyo haushtuki."

Machozi ya siku ya tatu mpaka ya tano huwapata wazazi wengi, na ndani ya wiki mbili hukauka. Yakipitiliza hapo huenda ni sonona, ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, na unatibika. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi zinazoendelea, karibu wazazi 20 katika kila 100 hupata matatizo ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Sisi tunasema ana mawazo. Wengine wananong'ona karogwa. Waganda wana jina lao, amakiro, na wao wakalihusisha na uzinzi wakati wa mimba. Mgonjwa akawa mshtakiwa.

Huko huko Uganda, miaka ya 1970, daktari Mwingereza John Cox aliwachunguza wajawazito na wazazi. Mwaka 1987 yeye na wenzake wakatoa, kutoka Edinburgh, dodoso la maswali 10 tu. Siku saba zilizopita umeweza kucheka? Huzuni imekunyima usingizi? Umewaza kujidhuru? Hakihitajiki kipimo cha damu wala umeme. Kalamu inatosha.

Na nafasi ya kuuliza ipo. Chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 zinamleta mama mara tatu kwenye benchi lile lile. Aulizwe akiwa kwenye foleni. Kina baba nao wangeweza kumwangalia nyumbani, ila sheria ya ajira ya 2004 inawapa likizo ya siku 3. Tatu! Anarudi kazini machozi ndiyo yanaanza. Wa bodaboda hata hizo hana.

Wifi tulimrudisha kituoni, mama akiwa kambeba mjukuu, na safari hii tulimtanguliza yeye kwa nesi, mtoto baadaye. Akaandikiwa barua ya kwenda hospitali ya Kitete. Usiku sasa bibi ndiye anayelala na mtoto, anamleta kunyonya tu. Juzi wifi amelala masaa matano mfululizo.