Maumivu Si Uvivu
(Hotuba ya walimu, Siku ya Wakimbizi Duniani, Mantapala, Nchelenge)



Mkono ukigusa mbabula yenye makaa, hujiondoa kabla hatujasikia uchungu. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye uti wa mgongo, nao hutoa amri papo hapo. Ubongo hupata habari baadaye kidogo. Tukisugua palipoumia, uchungu hupungua. Mwaka 1965 Melzack na Wall walieleza kwamba ndani ya uti wa mgongo mna kama mlango, unaoweza kufungwa.

Lakini hofu na kukosa usingizi huufungua. Ndiyo maana wengine wetu tuliovuka kutoka Kongo mwaka 2017 bado tunaumwa, ingawa kidonda kimepona. Tusiitane wavivu. Tusikilizane, tusindikizane kliniki.